Kikao kikihamia geto saa tatu usiku: jibu kwa naibu waziri wa serikali ya wanafunzi

SWALI

Shikamoo mama. Nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mbeya, na tangu uchaguzi uliopita mimi ni naibu waziri katika serikali ya wanafunzi. Barazani tupo kumi na sita, wanawake ni watatu. Ratiba inasema vikao ni saa kumi jioni, lakini siku hizi vinahamishiwa geto la waziri mmoja, nje ya chuo, saa tatu usiku. Nisipokwenda naambiwa sina moyo wa kazi, nikienda natumwa chai. Kuna grupu la WhatsApp la wenye maamuzi, sisi watatu hatumo. Mwezi uliopita niliomba fedha za wizara yangu ziidhinishwe, kiongozi mmoja akanijibu faragha kwa ujumbe: "Cheo ulikipenda, bei yake unaijua." Nilipolisema kikaoni walicheka, wakasema ni utani. Nataka niandae kampeni ya kuelimisha wenzangu tarehe 25 Novemba, na picha za ujumbe wake nizirushe magrupu yote. Wengine wananiambia huo si unyanyasaji, ni siasa tu, nikaze au nijiuzulu. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yaliyokupata, na nashukuru umeuliza kabla hujazirusha zile picha. Nitazifikia.

Nimekuwa mshauri wa wanafunzi kwa miaka mingi katika hizi nyanda za juu kusini, na sasa kazi yangu ni kuwafundisha wanaohudumu kwenye madawati ya jinsia ya vyuo, yaani ofisi zinazopokea malalamiko ya ukatili na unyanyasaji wa kijinsia. Habari kama yako imeingia ofisini kwangu mara nyingi, na karibu kila mara iliingia imekatwa vipande viwili. Binti anaanza na "mama, wananitenga", analia kidogo, ananyamaza. Wiki mbili baadaye anarudi na "mama, kuna mtu ananisumbua". Anavisimulia kama visa viwili visivyojuana. Wewe umeviandika katika barua moja, na ndiyo maana barua yako nimeisoma mara tatu.

Hebu turudi kwenye zile fedha za wizara yako. Bajeti ingejadiliwa saa kumi jioni, ukumbini, mbele ya watu kumi na sita, katibu akiandika, wewe usingekuwa na sababu ya kumwandikia mtu faragha. Ungesimama, ungesema hoja yako, ingepita au ingeanguka, ungekaa. Maamuzi yalipohamia geto, na kutoka geto yakahamia kwenye grupu usilomo, ikakubidi umfuate mtu mmoja, peke yako, kuomba kilicho haki ya wizara yako. Hapo ndipo yule bwana alipopata nafasi ya kukutajia bei. Kutengwa kulitangulia, kukamwandalia njia. Kwa hiyo kampeni itakayopiga kelele juu ya kushikwashikwa na maneno machafu, huku kikao kikiendelea saa tatu usiku kwenye geto la mtu, haitamlinda hata mmoja wenu.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike. Mengine yote nitakayosema yanatokana nalo.

Sasa hao wanaosema ni siasa tu. Siwapuuzi, kwa sababu siasa za chuo kweli zina ukali wake. Kushindwa kura si kutengwa. Hoja yako kukataliwa, mpango wako kukosolewa mbele ya watu, mtu kukuambia taarifa yako ya mapato ina makosa, hayo yapokee na uyajibu kwa hoja. Ukiyaita unyanyasaji, siku ya unyanyasaji wenyewe hutasikilizwa. Mambo yanageuka pale kinachoguswa kinapoacha kuwa hoja yako kikawa mwili wako, jinsia yako, dini yako, kabila lako, ulemavu wako au umaskini wa kwenu. Yanageuka pia kikao kinapowekwa mahali na saa ambayo mtu wa aina yako hawezi kufika salama. Waliokuja ofisini kwangu nilikuwa nawauliza swali moja: je, naibu waziri wa kiume, mwenye hoja ileile, angejibiwa hivi? Jiulize. Kuna mtu angemwambia naibu wa kiume kwamba cheo kina bei na bei yake anaijua?

Na hapa sheria haiko kimya. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamgusa mtu yeyote mwenye nafasi ya mamlaka ambaye, katika kutumia mamlaka hayo, anadai ngono au upendeleo mwingine ili atoe ajira, cheo, haki au fursa. Kinasema mtu yeyote. Wengi hudhani rushwa ya ngono ni ya mwalimu na mtihani, lakini kiongozi wa wanafunzi anayeshikilia bajeti ana mamlaka, na adhabu iliyotajwa ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kanuni ya Adhabu nayo, tangu marekebisho ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ina kosa la udhalilishaji wa kijinsia, na kosa hilo linaweza kutendeka kwa maneno peke yake. Hahitaji kukugusa. Akikuandikia au kukutumia ujumbe kwa nia ya kukutisha, kukulazimisha au kukuumiza moyo, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, ambayo adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Sikutajii vifungo ili ukimbilie mahakamani kesho. Nakutajia ili yule atakayekuambia unakuza mambo asikuyumbishe. Ujumbe mmoja wa maneno matano unaweza usitoshe kumtia mtu hatiani, hasa akidai bei aliyoimaanisha ni uchovu wa uongozi. Lakini unatosha kabisa kuandikwa, kupokelewa na kuchunguzwa.

Nije kwenye utani, maana hapo ndipo kampeni nyingi zinapofia huku kwetu. Wenzako walipocheka na kusema ni utani, waliegemea kitu chenye heshima kubwa. Sisi ni watu wa utani. Mhehe na Mngoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo Mngoni anaweza kuingia msibani Uheheni akazuia jeneza hadi apewe chochote, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Usiende kuwaambia vijana wenzako kwamba utani ni mbaya. Watakuona umesahau kwenu, na hawatakuwa wamekosea.

Waambie utani una kanuni. Mtani anataniwa naye akatania, tena kwa ukali uleule, na hakuna anayepoteza kitu kwa kujibu. Utani hufanywa mbele za watu, sio kwenye ujumbe wa saa sita usiku. Na mtani ana wajibu: msiba ukitokea yeye ndiye wa kwanza kushika jembe na kwenda kuchimba kaburi. Sasa mlinganishe yule bwana na mtani. Wewe ungemjibu vilevile, bajeti yako ingepita? Alilisema hadharani? Siku ya shida yako yeye ndiye angetangulia kukusaidia? Nimeyauliza maswali haya mbele ya vijana wa Iringa na wa Mbeya, na nimeona jinsi ukumbi unavyotulia. Wanaujua utani kuliko mimi. Wakishakumbushwa kanuni zake, wenyewe wanaanza kutaja yale waliyoyaita utani ambayo hayakuwa.

Basi uanze wapi? Anza na kitabu cha mihtasari. Nenda kwa katibu ukiwa na mjumbe mwenzako mmoja, omba kukisoma. Ni haki yako kama mjumbe. Chukueni penseli na karatasi, mpitie vikao vya muhula mzima. Andikeni kila kikao kilianza saa ngapi, kilifanyika wapi, nani alikuwepo, nani aliandikwa kuwa amechangia, na uamuzi gani ulitekelezwa ambao hauonekani popote kwenye kitabu. Hilo la mwisho msiliruke. Fedha iliyotoka bila muhtasari ni jambo ambalo hata asiyejali habari za jinsia atataka kulielewa.

Niliwahi kufanya hivyo na wajumbe watatu wa baraza moja, jioni ya mwezi wa saba, baridi imetubana, tumefunga madirisha. Kulikuwa na binti mmoja, waziri kamili, sio naibu. Tulipopekua kurasa, jina lake lilikuwa limeandikwa mara nyingi, na moyo wangu ukatulia kwa dakika chache. Kisha mmoja akasoma kwa sauti yalipoandikwa. Kwenye mahudhurio. Kwenye "alitoa neno la shukrani". Kwenye "aliratibu viburudisho". Muhula mzima, katika kitabu kilichoandikwa na kijana mwenye mwandiko mzuri na asiye na chuki na mtu, waziri yule hakuwa amesema neno. Katibu mwenyewe alikuwa amekaa nasi. Alichukua kitabu, akarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa, akasema, "Lakini alikuwa anaongea. Nakumbuka alikuwa anaongea." Hakuwa anatetea chochote. Alikuwa anajishangaa.

Kijana yule alifanya kazi kubwa zaidi ya kuelimisha baraza lile kuliko bango lolote nililowahi kulibandika. Na hakuna aliyetakiwa kusimama na kusimulia jeraha lake.

Hili la kusimulia ninakuomba ulizingatie sana. Kampeni nyingi humtafuta binti mmoja aliyeumizwa, zikampa kipaza sauti, watu wakalia, wakapiga picha, wakaondoka. Binti anabaki na chuo kizima kinachojua. Kesho yake kantini anaoneshwa kidole. Usimwombe mtu ushuhuda. Usikusanye visa vya watu kwenye simu yako hata kwa nia njema; simu huibwa, na rafiki wa leo huwa mpinzani wa uchaguzi ujao. Nyie hesabuni mwenendo wa baraza: saa, mahali, fedha, nani kakatizwa. Hayo hayana mwathirika wa kuanikwa.

Kwenye kukatizwa, nina njia moja ya kukupa. Tafuta bati tupu la maziwa na kiganja cha mahindi makavu, na Mbeya mahindi hayakosekani. Panga kikao cha kuigiza, nusu saa tu, ajenda ya kweli kama vile ugawaji wa vyumba vya hosteli. Mpe mtu mmoja lile bati akae pembeni. Kila mjumbe anapokatizwa kabla hajamaliza sentensi, anadondosha punje. Kila wazo linapopuuzwa likisemwa na mmoja, kisha likapigiwa makofi likisemwa na mwingine, anadondosha punje. Haongei neno. Dakika tano za kwanza watu wanacheka kila wanaposikia ile sauti ya punje kwenye bati. Dakika ya kumi wanaanza kumtazama mwenye bati kabla hawajafungua mdomo. Kufikia ishirini, nimeona mwenyekiti akisema, "Samahani, malizia." Mnapomaliza, hesabuni punje mezani na mseme kila moja ilikuwa ya nani. Mara nyingi nusu ya kazi yako inakuwa imefanyika hapo.

Utagundua punje nyingine si za wanawake. Zitakuwa za kijana wa stashahada ambaye wenzake wa shahada wanamwona hajafika. Zitakuwa za yule mwenye lafudhi nzito ya kwao Makete anayeigwa kila akisema. Baraza linalokaa ghorofa ya pili kwenye jengo lisilo na njia ya kiti mwendo limemtoa mjumbe wake mwenye ulemavu bila kumpigia kura, ingawa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Kikao cha Jumamosi asubuhi kimemtoa Msabato. Kikao cha saa tatu usiku kimemtoa mama anayenyonyesha na pia mvulana asiye na nauli ya bajaji kurudi kwake. Ibara ya 13 ya Katiba yetu, inapoeleza maana ya kubagua, inataja jinsia, inataja kabila, dini, mahali mtu alipotoka, na inataja hali ya maisha. Hali ya maisha, mwanangu. Wabunge wa wanafunzi wangapi wameacha kugombea kwa sababu kampeni inadai kununulia watu chipsi, na bumu lao lote, yaani fedha za mkopo wa masomo, linakwenda kwenye ada za wadogo zao?

Watu hawa ndio wenzako. Ukiita kampeni ya wanawake peke yao, barazani mtakuwa watatu dhidi ya kumi na tatu. Ukiita kampeni ya kikao kinachofikika na kila mjumbe, hesabu inabadilika, na bado kinacholindwa kwanza ni usalama wako.

Kuhusu tarehe. 25 Novemba ndiyo siku zinapoanza zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, hadi 10 Desemba, na kwa kawaida mwaka wa kwanza wanakuwa ndio kwanza wamefika, hawajui hata njia ya maktaba. Itumie kwa ajili yao. Waambie mambo mawili tu: kikao halali cha serikali yao kinafanyika wapi na saa ngapi, na ofisi ya dawati la jinsia iko mlango gani. Wapeleke mkaone mlango wenyewe. Tangu 2021 wizara inayoshughulika na jinsia imekuwa ikivitaka vyuo vianzishe madawati haya, na vyuo vingi vimeanzisha, lakini nimekuta mahali ambapo dawati ni karatasi iliyobandikwa ubaoni na namba ya simu isiyopokelewa. Pigeni hiyo namba kabla ya kuitangaza.

Lakini usingoje Novemba kwa mambo ya baraza. Peleka hoja sasa, ya maandishi, kwa spika wa bunge la wanafunzi, mjumbe mwingine akiiunga mkono, kwamba kanuni ziseme hivi: kikao kinafanyika ndani ya eneo la chuo na kinakwisha kabla ya saa kumi na mbili jioni, ajenda inatolewa siku mbili kabla, uamuzi uliofikiwa kwenye grupu la simu si uamuzi mpaka uingie kwenye muhtasari, na malalamiko dhidi ya kiongozi hayasikilizwi na kiongozi huyohuyo wala na aliyemteua. Ikiwezekana aisome mwanamume anayeheshimika. Najua inaudhi kuhitaji sauti ya mwanamume kwa jambo lililo wazi. Iliniudhi mimi pia kwa miaka yote ile. Ila siku ya kupiga kura inataka kura.

Na wakikuambia wanawake wa huku si watu wa siasa, wakumbushe Spika wa kwanza mwanamke wa Bunge la Tanzania, Anne Makinda, aliyekalia kiti kuanzia 2010 hadi 2015, ni wa Njombe. Tulia Ackson alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini alipochaguliwa kushika kiti hichohicho Februari 2022. Wote wawili waliongoza ukumbi ambao kila neno linalosemwa linaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi ya Bunge, na saa ya kikao imeandikwa kwenye kanuni. Sijui kama ingekuwa rahisi kwao kama maamuzi yangekuwa yanafanyika nyumbani kwa mtu.

Sasa zile picha za ujumbe. Usizirushe. Ninajua hasira yako, na sisemi haya ili kumwokoa. Ukizirusha magrupu yote, kesho habari haitakuwa alichokuandikia, itakuwa wewe uliyevujisha. Atasema umehariri. Atasema ulianza wewe, na ataonesha kipande cha mazungumzo yenu kinachomfaa. Anaweza hata kukushtaki kwamba umemchafua mtandaoni, na sheria ileile ya mtandao niliyokutajia ikageuzwa upande wako. Mbaya zaidi, mabinti wengine aliowahi kuwaandikia wakiona moto uliokuwakia watafuta ujumbe wao usiku huohuo, na ushahidi utakuwa umepotea.

Fanya hivi badala yake. Usifute chochote, hata majibu yako ambayo unayaonea aibu. Piga picha ya mazungumzo yote, namba yake na tarehe zikionekana, sio sentensi moja. Yahifadhi mahali pawili. Chukua daftari, uandike kwa mkono kilichotokea, siku, saa, mahali, nani alikuwepo siku ulipolisema kikaoni na nani alicheka. Andika leo, maana kumbukumbu ya leo ni bora kuliko ya mwezi ujao. Kisha upeleke kwa dawati la jinsia au ofisi ya mshauri wa wanafunzi kwa barua, ukiwa na nakala yako iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Usikubali kusema kwa mdomo tu. Jambo lililopokelewa kwa mdomo huwa halikupokelewa. Chuo kikikaa kimya, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana ofisi Mbeya na namba yao 113 haitozwi, na vituo vikubwa vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Unaruhusiwa kwenda na mtu. Kama unaogopa kuandika barua vibaya, tafuta msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambulika, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Usichelewe, maana malalamiko yanavyokaa ndivyo yanavyodhoofika.

Kuna jambo hukuliuliza, nami sitaki kulinyamazia kwa kuwa vikao vyenu viko usiku na nje ya chuo. Ikitokea binti au kijana amelazimishwa, kwanza ni hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionesha Njombe ikiwa na maambukizi ya asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, mikoa mitatu ya juu kabisa nchini. Huku kwetu zile saa 72 si jambo la kuahirisha hadi mtu atulie. Asioge, asifue nguo, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Na asiulizwe na mtu alifuata nini geto. Alifuata kikao. Ndicho alichochaguliwa kukifanya.

Mwisho umeuliza ujiuzulu au la. Siwezi kukuamulia, na yeyote anayekuambia ubaki ili usiwaangushe wanawake anakutwika mzigo usio wako. Ukiona usingizi umepotea, masomo yanaporomoka, sapu, mitihani ya marudio, zinakusubiri, kutoka ni haki yako na si kushindwa. Nakuomba mambo mawili. Usijiuzulu usiku wa hasira kwa kutoka kwenye grupu, maana watasema umekimbia na hakuna atakayeweza kuonesha vinginevyo. Andika barua, utaje sababu moja baada ya nyingine: vikao vya saa tatu usiku, maamuzi nje ya muhtasari, kauli uliyoambiwa na tarehe yake, pasipo kumtaja aliyeisema ikiwa lalamiko lako bado linachunguzwa. Dai isomwe kikaoni na ibandikwe kwenye kitabu cha mihtasari. Na ukibaki, basi kikao kijacho, kabla ajenda hazijaanza, nyosha mkono, umwombe katibu aandike saa mliyoanza na mahali mlipokaa. Msubiri aandike, kisha mwombe akusomee.